Magari ya Malindi na Barabara ya Mzunguko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu barabara ya Mombasa hadi Kilifi ianze kupanuliwa, swali limehamia kwetu Malindi: magari yote hayo yakifika hapa yatapitia wapi? Wapo wanaotaka tujengewe barabara kubwa ya kuuzunguka mji, kama Nairobi. Wapo wanaohofia mashamba yao. Maswali yenyewe yanarudi barazani, ndani ya matatu na kwenye vikao vya maoni ya umma, na mara nyingi hujibiwa kwa hasira au kwa ahadi. Hapa yanajibiwa kwa yale yaliyoonekana katika miji ambayo imeishi na barabara za namna hiyo miaka mingi. Msimamo wangu niuseme mapema: kuijenga barabara ya mzunguko ni kazi nyepesi kuliko kuisimamia isijae, na usimamizi huo unaanza kabla greda halijafika.

Barabara ya mzunguko ni ipi, na baipasi ni ipi?

Baipasi inaukwepa mji kwa upande mmoja. Baipasi zikiunganishwa mpaka mwisho ukakutana na mwanzo, hiyo ndiyo barabara ya mzunguko. Nia yake ni moja: gari lisilo na shughuli mjini lisilazimike kuingia mjini.

Mfano wa karibu ni Nairobi. Kuna Baipasi ya Kusini, ya Mashariki na ya Kaskazini, kisha ikaja ya Magharibi, kutoka Gitaru hadi Ruaka, na duara likafungika. Paris ina yake ya kilomita 35, iliyokamilika 1973. London ina M25, yenye urefu wa takriban kilomita 188, zaidi ya mwendo wa kutoka hapa Malindi hadi Mombasa.

Malindi imekaa ufukweni, kwa hiyo duara kamili haliwezekani. Upande wa mashariki ni bahari. Tunachoweza kuzungumzia ni nusu duara: kuiacha barabara ya Mombasa upande wa Msabaha, kupita magharibi mwa mji, na kutokea kaskazini karibu na mto Sabaki.

Msongamano wetu haujafika wa Nairobi. Kwa nini tujisumbue sasa?

Kwa sababu ongezeko la magari halionekani kwa macho ya kila siku. Magari yakiongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 14 yanakuwa maradufu. Yakiongezeka kwa asilimia 7, miaka 10 inatosha. Mtoto aliye darasa la kwanza leo atakuwa hajamaliza chuo na magari yameshakuwa mawili penye moja.

Na hapa kwetu barabara kuu moja inabeba kila kitu. Inabeba lori la chumvi kutoka Gongoni na Marereni, basi la Lamu, basi la Hola, Probox ya Mombasa iliyojaza, gari la watalii wa Watamu, na tuktuk inayompeleka mtoto shule. Simama kando ya barabara ya Lamu asubuhi ya Desemba uangalie. Tuktuk inasimama ghafla kwa sababu mama aliyebeba kikapu cha samaki amenyoosha mkono. Matatu iliyo nyuma yake inachomoza katikati ya barabara ili ipite. Trela linalotoka kaskazini linashika breki. Bodaboda tatu zinapenya kushoto, juu ya vumbi, pale wanafunzi wanapotembea. Hakuna aliyevunjika mguu, hakuna gari lililoharibika, lakini foleni imeshaanza, na chanzo chake ni watu wenye safari za aina nne tofauti kulazimishwa kutumia kipande kimoja cha lami. Hilo ndilo tatizo letu. Idadi ya magari inalizidisha tu.

Je, barabara ya mzunguko inaondoa msongamano?

Kwa muda, ndiyo. Baada ya hapo inategemea inavyosimamiwa.

M25 ndiyo inayofundisha zaidi. Ilijengwa vipande vipande kuanzia miaka ya 1970, na kipande cha mwisho kilifunguliwa na Waziri Mkuu Margaret Thatcher tarehe 29 Oktoba 1986. Sehemu yake kubwa ilikuwa na leni tatu kila upande. Ilikusudiwa kuwa njia ya magari yanayoikwepa London. Kilichotokea ni kwamba watu walianza kuitumia kwa safari fupi: kutoka kitongoji kimoja hadi cha pili, kwenda dukani, kwenda kazini. Ofisi, maghala na maduka makubwa yakasogea karibu na makutano yake, kwa sababu hapo ndipo ardhi ilipokuwa na njia nzuri. Miaka michache tu baadaye kazi ya kuipanua ilianza. Leo kuna sehemu karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow zenye leni sita kila upande, na sehemu zenye shughuli nyingi hubeba takriban magari 200,000 kwa siku. Msongamano bado upo.

Nairobi nayo imepitia njia hiyo hiyo. Baipasi ya Mashariki ilijengwa kwanza ikiwa na leni moja kwenda na moja kurudi. Mitaa ikamea kandokando yake, nyumba za kupanga, hardware, petroli, masoko, na ikabidi ipanuliwe.

Basi si waongeze leni tu kila zinapojaa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linawaudhi watu. Leni mpya huvuta magari mapya. Barabara ikiwa nyepesi, aliyekuwa akisafiri saa kumi na moja alfajiri kuukimbia msongamano anarudi saa mbili. Aliyekuwa akipanda matatu anatoa gari lake. Aliyekuwa akipitia njia ya ndani anarudi barabara kuu. Na polepole, aliyekuwa akitafuta nyumba karibu na kazi anapata kiwanja cha bei nafuu kilomita ishirini mbele, kwa kuwa barabara ni nzuri.

Uingereza iliipa kamati ya wataalamu kazi ya kulichunguza jambo hilo, na mwaka 1994 kamati ikatoa ripoti iliyokubali wazi kwamba barabara mpya zinaweza kuzalisha safari ambazo hazikuwepo. Mwaka 2011, wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha uchunguzi wa miji ya Marekani ulioonyesha kwamba kilomita zinazoendeshwa huongezeka karibu sawia na kilomita za barabara kuu zinazoongezwa. Huko Houston, Texas, barabara iitwayo Katy Freeway ilipanuliwa hadi 2008, na ukihesabu barabara zake za pembeni, kuna mahali inafika leni 26. Miaka michache baadaye muda wa safari za asubuhi na jioni ulikuwa umerefuka tena.

Hii haina maana kwamba upanuzi ni haramu. Barabara ya Mombasa hadi Kilifi ilihitaji kupanuliwa, na aliyewahi kukwama Mtwapa usiku wa sikukuu hatabishana nami. Lakini leni iliyoongezwa bila mpango wa nini kitafanyika itakapojaa ni deni lililosogezwa mbele.

Msongamano hutoka wapi wakati hakuna ajali wala kizuizi?

Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo kila dereva angefaa kuliona. Walichora duara lenye mzunguko wa mita 230 kwenye uwanja, wakaweka magari 22, wakawaambia madereva wazunguke kwa mwendo mmoja wa takriban kilomita 30 kwa saa. Hakukuwa na mataa, wala makutano, wala mtu wa kuvuka. Mwanzoni yalizunguka vizuri. Kisha mmoja akasogea karibu kidogo na wa mbele, akagusa breki. Wa nyuma yake akagusa zaidi. Wa nyuma ya huyo zaidi. Mpaka gari fulani likasimama kabisa. Tangu hapo kukawa na kifungu cha magari yaliyosimama, na kifungu hicho kilikuwa kikirudi nyuma kinyume cha mwendo wa magari, huku waliofunguliwa mbele wakiondoka na wengine wakinasa nyuma.

Ndivyo ilivyo kwenye barabara kubwa. Ukiacha nafasi ya sekunde mbili kati ya gari na gari, leni moja haiwezi kupitisha zaidi ya magari 1,800 kwa saa. Madereva wengi husogeleana zaidi ya hapo, ndiyo maana leni nzuri inaweza kufikisha takriban 2,000 na zaidi kidogo. Karibu na kiwango hicho, breki moja inatosha kuivunja njia. Na ikishavunjika, haipitishi tena idadi ile ile. Hupitisha pungufu mpaka mzigo upungue. Kwa hiyo kazi kubwa ya wasimamizi wa barabara ni kuizuia isivunjike, maana kuifufua ni kazi ndefu.

Kupunguza mwendo kunaharakishaje safari?

Magari yakienda kwa mwendo unaokaribiana, breki za ghafla hupungua na watu hawabadilishi leni ovyo. M25 ilianza kutumia viwango vya mwendo vinavyobadilika mwaka 1995, upande wa kusini-magharibi. Vifaa vilivyotegwa ndani ya lami vinahesabu magari na mwendo wao; msongamano ukikaribia, ubao ulio juu ya barabara unaonyesha kiwango cha chini zaidi, na kamera zinawashika wanaokaidi. Kamera ni sharti. Ubao bila kamera ni pambo.

Paris imeshusha kiwango cha barabara yake ya mzunguko kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 70 mwaka 2014, kisha hadi 50 mnamo Oktoba 2024. Sababu kubwa huko ni kelele na hewa wanayovuta watu wanaoishi kandokando. Sisi ambao nyumba zetu hujengwa mpaka ukingoni mwa barabara tungefaa kulifikiria hilo mapema.

Kwa nini wahandisi wanahangaikia makutano kuliko barabara yenyewe?

Kwa sababu barabara ya mzunguko haijazwi na magari yanayopita. Inajazwa kwenye maingilio yake. Kila mahali gari linapoingia, walio ndani wanapunguza mwendo. Kila linapotoka, linavuka leni. Makutano yakikaribiana sana, wanaoingia na wanaotoka wanapishana kama uzi wa msusi, na leni zote zinakwama hata kama katikati ya makutano mawili barabara ni nyeupe.

Dawa zake zinajulikana. Ya kwanza ni kuyatenganisha makutano yasikaribiane na kukataa kuongeza mengine, hata mwenye ardhi akiwa mtu mzito. Ya pili ni madaraja ya juu pale barabara mbili kubwa zinapokatana. Dar es Salaam ilifanya hivyo Tazara, kisha Ubungo. Ya tatu ni mataa madogo kwenye njia ya kuingilia, yanayoachia gari moja moja badala ya kundi zima kumwagika kwa pamoja.

Sasa tazama tunavyofanya huku. Barabara mpya ikishatandikwa lami, wa kwanza anakata njia ya kuingilia kwenye kituo chake cha mafuta, wa pili anaweka lango la ghala, kisha steji inajizalia yenyewe pale penye kivuli cha mwembe. Baada ya miaka mitano barabara iliyojengwa ili mtu asisimame inakuwa na mahali pa kusimama kila mita mia. Wenyeji hawana ubaya katika hilo. Mtu ataweka meza yake pale wateja wanapopita. Kosa ni la mpango usiowatengea barabara ndogo ya pembeni, yenye steji na nafasi za maduka, inayoungana na barabara kuu mahali pachache tu. Malindi ikijengewa barabara kuu bila hizo ndogo za pembeni, tutakuwa tumejengewa Lamu Road ya pili.

Ushuru wa kupita unasaidia?

Unasaidia, ila yategemea umewekwa kwa nia gani. Miji ya Norway ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji ili kupata fedha za barabara: Bergen mwaka 1986, Oslo mwaka 1990. Stockholm ilitoza ili kupunguza magari. Ilianza kwa majaribio Januari 2006, na magari yanayovuka mpaka wa eneo la kati yakapungua kwa takriban asilimia 20. Wananchi, ambao wengi walikuwa wameupinga kabla ya majaribio, waliupitisha kwa kura mwaka huo huo, na 2007 ukawa wa kudumu. London ilianza Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku.

Kenya tuna Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumika Mei 2022. Mwenye kulipa anapita juu, asiyelipa anabaki chini. Mwekezaji anarudisha fedha zake, lakini foleni ya chini haikupewa dawa, na hapo ndipo walipo abiria wa matatu. Tukumbuke pia kwamba kila anayenunua mafuta ameshachangia: ada ya matengenezo ya barabara ilipandishwa mwaka 2024 hadi shilingi 25 kwa lita. Maoni yangu ni kwamba kwa mji wa ukubwa wetu ushuru wa kupita hauna nafasi kwa sasa. Ungerudisha malori ndani ya mji, mahali hasa tunapotaka yatoke.

Tuktuk, bodaboda na matatu zitaruhusiwa?

Barabara za mwendo wa kasi duniani kote huzuia vyombo vya mwendo mdogo, na ile ya Nairobi inazuia pikipiki, tuktuk na watembeao kwa miguu. Mantiki yake ni sahihi: tuktuk kwenye leni moja na trela linalokwenda kilomita 80 ni msiba unaosubiri siku yake.

Lakini Malindi inatembea kwa tuktuk. Mgonjwa huenda hospitali kwa tuktuk, magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi huja sokoni kwa tuktuk, na vijana wengi wanalisha familia kwa usukani huo. Ukijenga barabara inayowazuia, ni lazima uwajengee njia yao, laini na inayokwenda kule kule. Bila hivyo wataingia barabara kuu, sheria iwepo isiwepo.

Kuhusu matatu na mabasi, faida ya kuyapa leni yake ni kubwa. Basi moja la abiria sitini ni sawa na foleni ndefu ya magari madogo yenye mtu mmoja mmoja. Dar es Salaam ilianza mabasi ya mwendokasi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na pamoja na matatizo yake yote imeonyesha kwamba basi likiwa na njia yake hupita kando ya magari yaliyokwama. Malindi haihitaji mfumo mkubwa hivyo. Inahitaji steji zilizojengwa nje ya leni, ili makanga apakie bila kuifunga barabara.

Na sisi tunaotembea kwa miguu?

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa kuliko yote ni watembeao kwa miguu. Barabara ya mzunguko hukata vijiji. Nyumba inabaki upande huu, shule, msikiti na kisima upande wa pili. Daraja la miguu likiwekwa kilomita moja kutoka pale watu wanapovukia, halitatumika, hasa na mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Njia ya chini, pana na yenye mwanga, mahali watu walipozoea kupita, hutumika zaidi. Kwa hiyo kabla mchoro haujapitishwa, mtu atoke ofisini akayatazame mapito ya watu saa ya shule na saa ya sala.

Malori yakihamishwa, biashara ya mjini haitakufa?

Hofu hii ina haki yake. Wenye mikahawa, gereji na vibanda vya barabara ya Lamu hupata riziki kwa anayepita. Baadhi yao wataathirika, hasa wanaomtegemea dereva wa lori. Lakini mteja mkuu wa Malindi mjini ni mwenye shughuli mjini: anayekuja benki, sokoni, hospitali, na mgeni wa hoteli. Huyo atakuja tu, na atapata mahali pa kuegesha. Kilicho muhimu ni kwamba barabara ya zamani ishughulikiwe wakati huo huo: njia za miguu zipanuliwe, miti ipandwe, vivuko vichorwe. Ikiachwa wazi kama ilivyo, nafasi iliyoachwa na malori itajazwa na magari mengine kwa sababu ile ile ya leni mpya.

Shamba langu likipitiwa na sina hati miliki, itakuwaje?

Swali hili pwani ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Familia nyingi zimekaa juu ya ardhi vizazi kadhaa bila karatasi, na huitwa maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa.

Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinasema serikali ikichukua mali ya mtu kwa manufaa ya umma sharti ilipe fidia ya haki, upesi. Kifungu hicho hicho kinaruhusu pia kulipwa fidia mtu anayekalia ardhi kwa nia njema hata kama hana hati. Neno ni *kinaruhusu*, kwa hiyo fidia haijilipi yenyewe. Mkaaji anatakiwa awe na ushahidi wake: picha za nyumba na minazi, makaburi ya wazee, barua ya chifu, risiti, majina ya majirani. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayosimamia uchukuaji wa lazima wa ardhi, na hutangaza kwanza nia ya kuichukua kisha siku ya kusikiliza madai. Anayekosa siku ile huhangaika baadaye.

Kuna upande wa pili, na nauandika nikijua utawakera baadhi ya jamaa. Njia ya barabara ikishapimwa na kutangazwa kuwa hifadhi ya barabara, isiuzwe viwanja. Kila nyumba inayojengwa juu ya njia iliyotengwa ni familia itakayobomolewa siku moja, na ni gharama itakayofanya barabara ihamishwe mbali au isijengwe. Anayemuuzia jirani kiwanja kama hicho anajua anachofanya. Kuitenga njia mapema, ingali vichaka na mihogo, ndiyo hatua ya usimamizi iliyo rahisi kuliko zote, na haihitaji hata mfuko mmoja wa simiti.

Msitu na mto je?

Kusini-magharibi kwetu upo Arabuko-Sokoke, msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Barabara yoyote mpya isiukaribie, kwa kuwa barabara huleta viwanja, na viwanja huleta panga. Tathmini ya mazingira ni takwa la sheria, na mwananchi ana haki ya kuisoma na kutoa maoni kabla leseni haijatolewa.

Daraja la Sabaki litahimili?

Hapa ndipo ramani nyingi za barazani zinapokwama. Hata tukiuzunguka mji vizuri namna gani, magari yote ya barabara kuu yanayokwenda Mambrui, Garsen na Lamu yatakusanyika tena kwenye daraja moja. London wanalijua hilo. M25 inavuka mto Thames huko Dartford, na pale imeteswa miaka mingi: handaki la kwanza la 1963, la pili la 1980, daraja la 1991, vibanda vya malipo vilivyoondolewa 2014 ili magari yasisimame, na bado ni mahali pa foleni. Duara lina nguvu ya sehemu yake iliyo nyembamba. Anayeleta mchoro wa barabara ya kuuzunguka Malindi bila kusema neno kuhusu Sabaki ameleta nusu ya mchoro.

Na Lamu inaingiaje?

Kisiwani Amu mji wa kale unaenda kwa miguu na kwa punda, na uishi hivyo. Lakini bara, gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe ina lami. Shehena ikiongezeka huko, sehemu yake itashuka kuja kusini, na njia yake ni mlangoni petu.

Tumlalamikie nani?

Sheria ya Barabara ya 2007 iligawa kazi. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, za mijini KURA, za mashambani KeRRA. Nyingine ni za serikali ya kaunti. Mipango ya matumizi ya ardhi kandokando ni ya kaunti. Ndiyo maana barabara inaweza kujengwa na mkono mmoja na kujazwa na mkono mwingine unaotoa vibali vya ujenzi. Barua yako iandikie ofisi zote mbili na uitaje kila moja kwenye barua ya mwenzake.

Kikao cha maoni ya umma kikiitishwa, tuulize nini?

Uliza makutano mangapi yatakuwepo, na nani atakuwa na mamlaka ya kukataa la ziada. Uliza kama barabara ndogo za pembeni zimo kwenye mkataba wa sasa au zimeachiwa awamu ya pili, kwa maana awamu ya pili mara nyingi haifiki. Uliza wamekadiria magari yataongezeka kwa asilimia ngapi kwa mwaka, na mwaka gani barabara itajaa kwa hesabu yao wenyewe. Uliza steji za matatu ziko wapi kwenye ramani, tuktuk itapita wapi, na mtoto wa shule atavukia wapi. Uliza kuhusu daraja la Sabaki. Kisha omba majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na kabla hujaondoka uombe nakala.